Aliyeifuta Ripoti Yake Mwenyewe: Mwalimu Pyo Myeong-ok Anastaafu

Na Ma Dong-chil, fundi wa lifti na umeme

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mwalimu Pyo Myeong-ok, mchunguzi mwandamizi wa kitengo cha mawasiliano yasiyotumia waya, atarudisha kitambulisho chake pale mapokezi na kustaafu rasmi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Hataza ya Gapcheon. Sherehe itafanyika alasiri katika ukumbi wa ghorofa ya pili. Lifti zote zitakuwa zinafanya kazi siku hiyo. Hilo naliahidi mimi mwenyewe.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mtu wa kitengo chake. Mhariri wa jarida letu aliwaomba watatu. Wa kwanza alisema ana mafua. Wa pili alisema hajui kuandika, na huyo ana shahada ya uzamivu. Wa tatu hakujibu kabisa. Mafua hayakuwepo, wasomaji wangu. Walikuwa wanaona haya, na kabla hamjamaliza ukurasa huu mtajua kwa nini. Basi kalamu ikateremka hadi ghorofa ya chini kwangu mimi, niliyeiacha shule nikiwa sijaota ndevu nikakimbilia meli za uvuvi. Msiwe na wasiwasi. Nimewaandikia mabaharia wenzangu barua za mapenzi kutoka Las Palmas hadi Mombasa, na zote zilijibiwa isipokuwa moja, na kosa la hiyo moja lilikuwa la posta.

Mwalimu Pyo alizaliwa Nonsan, kwa fundi saa. Alisomea uhandisi wa mawimbi wakati ambapo darasa zima wasichana walikuwa yeye na mwenzake mmoja aliyeacha ili aolewe. Alikuja kwetu jengo hili likiwa bado linanuka rangi. Kazi yetu mnaijua, lakini jarida hili husomwa na wajukuu pia, kwa hiyo naieleza: mtu akibuni kitu na kuomba hataza, yaani haki ya kukimiliki kama chake, lazima kwanza ichunguzwe kama yupo mwingine duniani aliyekwisha kukibuni kabla yake. Sisi ndio tunaotafuta. Tunaandika ripoti, serikali inaisoma, halafu inaamua.

Alianza na vile vidude vya kuitia watu tulivyovaa kiunoni, akaja kwenye simu za mkononi. Miaka ya karibuni akakabidhiwa jambo ambalo wengi humu ndani hulipita kwa mbali: kupima msongamano wa njia kati ya vyombo vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe. Magari, simu, mashine za ghalani, vinarushiana habari moja kwa moja bila kupitia mnara. Vyote hutumia njia moja ya hewani, na vikisema kwa pamoja hakuna kinachosikika. Kwa hiyo kila chombo kabla hakijasema husikiliza. Hukata muda vipande vidogo vidogo, hupima nguvu ya mawimbi katika kila kipande, na kipande kikizidi mstari uliowekwa huhesabiwa kuwa kimejaa. Vilivyojaa vikiwa vingi, chombo kinapunguza maneno.

Aliponieleza hayo nikiwa nimeshika bisibisi, nilimwambia mbona hiyo ni redio ya meli tu. Tulipokuwa tukivua ngisi huko kusini kabisa mwa dunia, manahodha wote walipiga kelele kwenye redio kwa pamoja mpaka bosi wetu akawa analia, "Sikilizeni kwanza, wapumbavu nyie, ndipo mseme." Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Fundi Ma," akasema, "ungeomba hataza mapema, leo ningekuwa nakuinamia."

Wachunguzi wote vijana wamepita mikononi mwake, na wote walianza na somo moja: *isang* na *chogwa*. Isang kumi ni kuanzia kumi kwenda juu, kumi mwenyewe yumo. Chogwa kumi ni kuzidi kumi, na kumi kaachwa nje. Sisi mitaani hatujali. Muuza mandu, vile vitumbua vya nyama, akisema isang au chogwa, utakula tu. Lakini kwenye hataza neno moja kati ya hayo mawili laweza kumpa mtu mali au kumnyang'anya. Mimi mwenyewe nilionja fimbo yake. Nilibandika tangazo ndani ya lifti: watu 13 isang hawaruhusiwi. Lifti ile inabeba watu kumi na watatu. Siku hiyohiyo alinishukia karakana.

"Fundi Ma, umemteremsha mtu mmoja bure."

"Nani huyo?"

"Wa kumi na tatu. Lifti inamtaka, tangazo lako linamkataa."

Nikaenda kubadilisha, huku nikinung'unika kwamba wa kumi na tatu apande ngazi, atapungua tumbo.

Kila somo lake alilimaliza vilevile, kwa neno hilohilo isang, kwa sababu katika lugha yetu mtu akimaliza kuhutubia husema isang, maana yake ni hayo tu. Wanafunzi walipenda utani huo. Na kwa kuwa neno hilo lina maana ya tatu, yaani jambo lisilo la kawaida, lenye kasoro, kila mwaka alijitokeza kijana wa kuuliza: "Mwalimu, isang ipi hiyo?" Naye hujibu: "Ile inayokupeleka chakulani."

Mwanzoni mwa Mei mwaka huu alitoa somo lake la mwisho. Alitaka kuwaonyesha wageni wa kazi jinsi ya kusoma andiko la zamani kwa makini, akachagua ripoti yake mwenyewe, bado mbichi, kuhusu ombi la Bwana Ok Chi-yeong wa Gumi. Huyu ana karakana ya kutengeneza foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo maghalani. Alibuni namna ya kuzifanya zionyane zisigongane kwenye kona, kwa kifaa rahisi sana. Kifaa rahisi kipimo chake kina ngazi chache, kwa hiyo vipande vingi havipiti juu ya mstari wala havibaki chini: vinakaa palepale kwenye mstari. Wote waliomtangulia walivihesabu vipande hivyo kuwa vitupu. Bwana Ok alivihesabu kuwa vimejaa. Ubunifu wake wote ni huo, mstari wenyewe. Ripoti ya Mwalimu Pyo ilisema kuna andiko la nje ya nchi lililokwisha kufanya hivyo miaka mingi nyuma. Serikali ikamwandikia Bwana Ok kwamba haina nia ya kumpa hataza, na kama ana la kusema aseme kabla Mei haijaisha.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya chuma katika chumba hicho cha somo, nabadilisha taa. Mwalimu aliweka ukutani tafsiri ya andiko lile kwa lugha yetu: isang. Halafu, ili somo linoge, akaweka pembeni andiko lenyewe la asili, ambalo hakuwa amelifungua kabla. Akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena kimoyomoyo. Andiko la asili lilisema kuzidi. Mtafsiri fulani, huko aliko, aliandika isang mahali pa chogwa kama tunavyofanya sote sokoni, na Mwalimu Pyo, aliyetupigia kelele miaka yote hiyo kwa ajili ya maneno hayo mawili, alikuwa amesoma tafsiri akaridhika.

Alisimama pale. Vijana walidhani ni mbinu ya kufundisha, wakangoja. Hatimaye akafungua kinywa kumaliza somo, akasema, "Isang," na safari hii hakuna aliyeuliza ni ipi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Mimi nilibaki juu ya ngazi nikijifanya taa ni ngumu, maana kushuka kungekuwa kumtazama usoni.

Hapa lazima nieleze kibao. Taasisi yetu ina kibao cha shaba kiitwacho Jina Safi, cha kupewa mstaafu ambaye hakuna ripoti yake hata moja iliyowahi kufutwa. Tangu tuanze hakuna aliyewahi kukipata. Mwalimu Pyo angekuwa wa kwanza, na kibao kilikuwa kimeshachongwa jina, kwa sababu mchongaji wetu ana haraka kuliko busara. Zaidi ya hapo, mwezi huohuo serikali ilikuwa inatupima ili kujua kama itaendelea kutupa kazi, na ripoti iliyofutwa humpunguzia alama kila mtu wa kitengo, si aliyekosea peke yake.

Kufuta ripoti kunahitaji mihuri mitatu: wa mwandishi, wa msomaji wa pili na wa mkuu wa kitengo. Mwalimu alitia wake, akaenda kwa mkuu, Bwana Gil. Mlango ulikuwa wazi, na taa ya korido pia ilikuwa na matatizo yake, kwa hiyo niliyasikia.

"Mwalimu, hujabakiza hata miezi miwili," alisema Bwana Gil kwa upole. "Huwezi kulifunika mpaka uondoke?"

"Nikiondoka, na muda wa Bwana Ok wa kujibu utakuwa umekwisha."

"Si ana wakili? Wakili ataona."

"Hana. Kaandika mwenyewe. Hata michoro kachora kwa mkono."

"Basi si mtu wa maana sana."

Bwana Gil mwenyewe alikohoa, kisha akasema: "Mlete kwanza Cheon atie muhuri wake. Akitia, nami nitatia." Alijua Cheon hatatia.

Cheon Du-sik ndiye msomaji wa pili. Alifundishwa na Mwalimu tangu ananyoa nywele za jeshi. Mwalimu alimfuata kwenye mashine ya kahawa.

"Nilitia muhuri bila kusoma," Cheon alisema, akitazama kikombe. "Ni wewe, Mwalimu. Nani angekukagua wewe?"

"Ungenikagua wewe. Ndiyo kazi yako."

"Mwezi ujao napandishwa cheo. Mwanangu anaingia chuo. Nisubirie kidogo, naomba."

Toka siku ile Cheon akawa anatumia ngazi. Nililijua hilo kabla ya mtu yeyote, maana lifti ilipata nafuu. Kisha kitengo kizima kikaanza kwenda kula mapema, saa sita mchana haijapiga, na Mwalimu akifika bwaloni meza yao imejaa. Mnajua kwetu kula peke yako ofisini ni kitu gani. Alikaa pale karibu na dirisha la kurudishia vyombo, supu ya mwani mbele yake, akila upesi kama mtu aliyeiba. Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu akambatiza jina, Bibi Isang, kwa ile maana ya kasoro, na jengo zima likacheka. Nami nilicheka. Lilikuwa jina zuri, ndiyo ubaya wake.

Msidhani yeye alitembea kifua mbele kama shujaa wa tamthilia. Alikuwa na aibu kuliko sisi sote. Alivua kitambulisho kabla ya kupanda basi ili watu wasijue anatoka wapi. Aliniambia ameshindwa kumweleza mumewe. Angeweza kumpigia Bwana Ok simu, lakini kanuni zinamkataza mchunguzi kusema na mwombaji, na kanuni hizo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Siku zikawa zinaondoka.

Kisha Bwana Ok akaja mwenyewe.

Alishuka kwenye treni ya taratibu kutoka Gumi, amevaa suti ya harusi, kwapani ana sanduku la matikiti madogo ya manjano ya Seongju. Jina la taasisi yetu alilikuta chini ya ripoti. Mapokezi wakaniita, maana kila mgeni asiyeeleweka huletwa kwangu.

"Samahani, kaka mkubwa," akaniambia. "Ningepata wapi anwani ya yule bwana wa nje aliyenitangulia?"

"Ya nini? Unataka kugombana naye?"

"Hapana. Nataka kumpongeza. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyepoteza nywele kwa jambo hili." Akajipapasa kichwa, na kweli hazikuwepo. "Na haya matikiti ni ya mchunguzi aliyempata. Kaniokoa nisiendelee kuhangaika."

Nimeshika mikono ya watu wa bandari nyingi, wengine wakiwa wameficha kisu katika mkono wa pili. Sikuwahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile. Nilimpandisha ghorofa ya nne. Nilipofungua mlango na kusema huyu ni Bwana Ok wa Gumi, kila kichwa kilizama nyuma ya kompyuta.

Cheon ndiye aliyekuwa karibu na mlango. "Mhusika yuko safari ya kikazi," akasema.

Mhusika alikuwa nyuma ya kizuizi cha kitambaa, hatua chache tu. Mimi niliyevuka bahari tatu sijapata kuona safari fupi kama ile.

"Basi nimwachie haya," Bwana Ok akasema, akitafuta meza ya kuweka sanduku. "Mwambieni asante. Nimeshawaomba radhi vijana wangu wa karakana kwamba niliwapotezea wakati. Tumeanza kuvitoa vile vifaa kwenye mashine."

Ndipo Mwalimu Pyo akatoka.

"Usivitoe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliyekutangulia hayupo."

"Amefariki?" Bwana Ok akauliza kwa masikitiko ya kweli.

"Hakuwahi kuwepo, bwana. Nilimtengeneza mimi, kwa neno moja. Andiko lile linasema kuzidi. Mimi nikasoma kuanzia. Kama utapewa hataza au hutapewa, hilo sijui wala si langu kulisema. Lakini sababu niliyoandika mimi ya kukunyima si ya kweli, na bado una siku chache za kujibu."

Kisha akainama. Hakuinama kama tunavyoinamiana kwenye lifti asubuhi. Alishuka mpaka nywele zikamwangukia usoni, akabaki hukohuko. Bwana Ok, maskini, hakujua afanye nini na sanduku, akaliweka sakafuni naye akainama. Wakawa wameinamiana wawili hao, mwenye kosa na asiye na kosa, na ofisi nzima ya watu wenye shahada imekaa kwenye viti.

Nilisikia droo ikivutwa. Ni Cheon, anatafuta muhuri wake. Aliuangusha, akapiga magoti chini ya meza kuutafuta, akatoka na vumbi magotini, akauliza karatasi iko wapi. Ilikuwa mezani kwa Mwalimu, pale ilipokuwa muda wote. Akaugonga kwa haraka, jina likatoka kichwa chini miguu juu. Bwana Gil alikuwa amesimama mlangoni pake, sijui tangu saa ngapi. Naye akatia wake.

Ripoti ilifutwa, na barua ikafika serikalini kabla muda haujaisha. Kitengo kilipoteza alama, na safari ya vuli ya kupanda mlima Seorak haipo tena. Cheon hakupandishwa cheo. Mwalimu Pyo alipewa onyo la maandishi kwa kusema na mwombaji, onyo la kwanza maishani mwake. Kibao cha Jina Safi kiko stoo kwangu, kimegeukia ukuta. Ombi la Bwana Ok linachunguzwa upya na taasisi nyingine, na jibu halijatoka. Foklifti zake bado zinaonyana.

Mngedhani baada ya siku ile watu walirudi mezani kwake. Hawakurudi. Mwanzo walimkimbia kwa hasira, sasa wakamkimbia kwa haya, na haya ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliyekasirika angalau hukutazama. Hayo ndiyo mafua ya yule wa kwanza, na ndiyo kutojua kuandika kwa yule mwenye uzamivu.

Mimi nami kamati ya jarida iliniagiza nisiliguse jambo hili. Niandike tu kwamba mwishoni mwa utumishi wake mstaafu alikumbana na changamoto. Niliandika hivyo kweli, kwa herufi nzuri, nikampelekea aisome kama ilivyo desturi. Alinirudishia kesho yake.

"Fundi Ma, changamoto ndiyo nini?"

"Ni neno la heshima, Mwalimu."

"Andika kosa. Na uandike ni la nani, wasije wakadhani ni la Cheon."

Basi nimeandika. Alifuta pia sifa alizoziona nyingi, ikiwemo ile ya kwamba ndiye mchunguzi bora Asia nzima, ambayo mimi bado naishikilia.

Kwa niaba ya taasisi, na hasa kwa niaba ya wale ambao Ijumaa watakaa viti vya nyuma wakitazama viatu vyao, tunakushukuru, Mwalimu Pyo. Asante kwa vijana wote uliowafundisha kuhesabu aliyekaa juu ya mstari. Asante kwa mikate ya maharage uliyokuwa ukituletea karakana kila baada ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, bila kuulizwa. Tumesikia unataka kujifunza kuogelea na unayaogopa maji. Mwandishi huyu alianguka baharini mara kadhaa na bado anaandika. Uniite wakati wowote.

Uwe na siku ndefu na afya, na asubuhi usizolazimika kuwahi popote, wewe na mzee nyumbani, ambaye natumaini umeshamweleza. Hatuna kibao cha kukupa. Tunaomba tu, utakapotoka Ijumaa, usitusamehe upesi sana. Aibu hii tuliipata kwako, na tungependa ikae nasi kidogo, angalau mpaka wale uliowafundisha waanze kusoma kabla ya kugonga muhuri.